Baiskeli ya mbio ya mtumba kutoka Kariakoo: tathmini ya mnunuzi wa mara ya kwanza

Baiskeli ninayoitathmini hapa ni ya mbio za barabarani, ya mtumba, iliyotoka Japani. Fremu yake ni ya alumini, uma wa mbele ni wa chuma, usukani umepinda kushuka chini, magurudumu ni ya ile saizi ambayo wauzaji huiita 700C, na gia ni za Shimano za daraja la Claris, mbili mbele na nane nyuma. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 380,000, baada ya muuzaji kuanzia 480,000. Fedha niliyokuwa nayo kwa shughuli nzima, yaani baiskeli, matengenezo na vifaa vya usalama, ilikuwa shilingi 650,000, na karibu kila uamuzi nitakaoueleza ulitokana na kiasi hicho. Tangu hapo nimeiendesha kwenda kazini kutoka Sinza hadi Posta na katika mazoezi ya alfajiri za Jumamosi, masika na kiangazi. Ni baiskeli nzuri kuliko bei yake, lakini imekuwa hivyo kwa sababu zaidi ya theluthi ya fedha haikuishia dukani. Mtu mwenye laki sita na nusu ambaye atanunua baiskeli ya laki sita atakuwa na chombo kibaya zaidi ya changu.

Kwa fedha hiyohiyo, katika mitaa ileile, mtu anaweza kupata baiskeli mpya kabisa yenye sura ya mbio, na ninaelewa kwa nini wengi huishia huko. Inang'aa, haina mkwaruzo, na muuzaji anakuunganishia mbele ya macho yako. Nilizojaribu za bei hiyo zilikuwa na kasoro ambazo hakuna fundi anayeweza kuzirekebisha. Breki zake zilikuwa za bati jembamba, kiasi kwamba ukiminya kwa nguvu unaona chuma chenyewe kikipinda kabla gurudumu halijashikwa. Vishikio vya kubadilishia gia viliwekwa kwenye shingo ya usukani, mbali na breki, hivyo ili ubadilishe gia ni lazima uachie usukani kwa mkono mmoja. Kwenye barabara tupu jambo hilo linavumilika. Shekilango saa moja asubuhi, ambapo daladala husimama ghafla mbele yako na bodaboda hukupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja, mkono kuwa mbali na breki ni hatari isiyo na sababu. Shimano ilianza kuuza vishikio vinavyounganisha gia na breki mahali pamoja mwaka 1990, vikiwa vya baiskeli za gharama kubwa. Leo vimeshuka hadi daraja la Claris, ambalo ni miongoni mwa madaraja ya chini ya gia zake za mbio. Kwangu hicho ndicho kigezo kilichonihamisha kutoka kwenye mpya kwenda kwenye mtumba.

Duka lenyewe ni dogo, na kama yalivyo mengi ya Kariakoo, bidhaa zake nusu ziko ndani na nusu ziko kibarazani. Baiskeli nyingi ni zile za Kijapani zenye kikapu mbele na karia nyuma, ambazo ndizo zinazotoka kwa wingi. Za mbio huwa chache na huning'inizwa juu, kwa hiyo mtu asiyeuliza anaweza kupita bila kuziona. Ninashauri kwenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya jua kali na kabla ya wateja wa jumla kufika, kwa sababu wakati huo muuzaji ana nafasi ya kukushushia baiskeli moja baada ya nyingine na kukuacha uikague. Niliyemkuta alikuwa mvumilivu kwa kiwango kinachostahili sifa. "Dada yangu, hii imeshuka na kontena, hapa mjini haijaguswa na fundi yeyote," aliniambia. Nilimjibu, "Naomba nafasi niipime kwanza, kaka, bei tutaongea baadaye." Akaniachia futi yake ya kupimia na kuendelea na shughuli zake.

Maneno yake yalithibitishwa na vitu viwili. Kwenye bomba la fremu kulikuwa na stika ndogo ya usajili ambayo baiskeli za Japani hubandikwa ili kuzuia wizi, na vichwa vya bolti zote vilikuwa na pembe zake kamili. Hili la bolti ninalisisitiza. Baiskeli iliyopita mikononi mwa fundi mwenye spana isiyokaa vizuri hubaki na bolti zilizolika pembe, na bolti ya namna hiyo kwenye shingo ya usukani au kwenye krengi, yaani mikono inayoshika pedali, inaweza kukugharimu siku nzima na fedha nyingi kuifungua. Rangi iliyochubuka hainisumbui hata kidogo. Bolti iliyolika inanisumbua sana.

Kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, nilipima ukubwa. Nina urefu wa sentimita 163, na mguu wangu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi mapaja yanapokutana nikiwa pekupeku, ni sentimita 76. Kanuni inayotumiwa sana na waendeshaji ni kuzidisha kipimo hicho kwa 0.883, na jibu, ambalo kwangu ni kama sentimita 67, ndio umbali kutoka katikati ya ekseli ya krengi hadi juu ya kiti. Nilipandisha kiti hadi kipimo hicho, nikakaa huku nimeegemea ukuta, nikashika usukani juu ya vishikio vya breki, na mabega yangu yakabaki yamelegea. Fremu hiyo ilikuwa ya saizi ya sentimita 49. Pembeni yake ilining'inia nyingine nzuri zaidi, yenye gia za daraja la juu na bei ndogo kidogo, lakini ilikuwa ya sentimita 56, na ilikuwa rahisi kwa sababu hiyohiyo: watu wenye miguu mirefu kiasi hicho hawajatokea kuinunua. Fundi anaweza kubadilisha mnyororo, kunyoosha rimu na kuweka breki mpya, lakini hawezi kufupisha fremu. Kwa wanawake na kwa wanaume wafupi suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa mtumba unaoingia una saizi kubwa nyingi kuliko ndogo, na wauzaji wengi hudhani kushusha kiti kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu umbali wa kufikia usukani unabaki uleule, na mgongo ndio unaoulipia.

Jambo la pili, ambalo kwa Dar es Salaam ninaliona kuwa kubwa kuliko gia, ni nafasi ya tairi. Baiskeli hii ilikuja na matairi ya upana wa milimita 23, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ndiyo ya kawaida kwa mbio. Matairi hayo hujazwa upepo mwingi sana na hayana kina cha kumeza pigo. Ukigonga ukingo wa lami iliyomeguka, tairi hubanwa kati ya ukingo na rimu, na tyubu hutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Njia yangu ina kila kitu kinachosababisha pigo la namna hiyo: mashimo, mifuniko ya mifereji iliyozama chini ya usawa wa lami, matuta yasiyopakwa rangi, na sehemu zenye vifusi na kingo kali kando ya ujenzi wa njia ya mwendokasi inayokwenda Tegeta. Nilihitaji tairi la milimita 28, na swali likawa kama fremu na breki zingeliruhusu kupita.

Upimaji wake ni rahisi na hauhitaji kifaa cha fundi. Tairi likitoka milimita 23 kwenda 28, huongezeka takriban milimita tano kwenda juu na mbili na nusu kila upande, na juu ya hapo ibaki nafasi ya milimita nne hivi kwa ajili ya mchanga, matope na rimu inayoyumba kidogo. Nilipitisha penseli ya kawaida, yenye unene wa kama milimita saba, kati ya tairi na bomba za nyuma za fremu, kushoto na kulia, ikapita bila kukwaruza. Kisha nikaweka rula chini ya breki ya mbele na ya nyuma, nikapata milimita kumi na zaidi kidogo. Ilikuwa inatosha, kwa kubana. Baiskeli mbili nyingine zilizokuwa pale hazikufaulu jaribio la penseli, na moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote dukani.

Wakati wa kuangalia matairi, soma pia namba zilizoandikwa ubavuni. Baiskeli za 700C zitakuwa na namba inayoishia 622, kwa mfano 23-622. Baiskeli nyingi za chuma za zamani zina magurudumu ya inchi 27, na namba yake inaishia 630. Kwa macho hayatofautiani, lakini kipenyo kinatofautiana kwa milimita nane, na tairi la moja haliingii kwenye rimu ya nyingine. Matairi ya 622 yanapatikana Kariakoo. Ya 630 utayatafuta sana, na ukiyapata hutachagua aina. Ni afadhali kuiacha baiskeli ya aina hiyo hata kama fremu yake ni ya kupendeza.

Ukaguzi uliobaki ulikuwa wa haraka. Mnyororo niliupima kwa rula. Pini zake zimepangwa kwa umbali wa nusu inchi, hivyo urefu wa nafasi ishirini na nne unapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechoka, na ukizidi kwa sehemu moja ya nane, umeshakula na meno ya gia za nyuma, kwa hiyo gharama inaongezeka. Wangu ulikuwa kwenye hatua ya kwanza, nami nikaitumia hoja hiyo kushusha bei. Nililaza ukingo wa rula kwenye uso wa rimu unaoshikwa na breki ili kuona kama umechimbika, nikazungusha magurudumu hewani kuangalia yanavyoyumba, nikafungua bolti ya nguzo ya kiti na kuizungusha ili kuhakikisha haijagandia ndani ya fremu, jambo ambalo ni la kawaida kwa vyombo vilivyosafiri kwa meli na kukaa pwani. Mwisho niliiendesha uchochoroni, nikiwa nimeacha fedha ya dhamana dukani, na nikagundua kwamba breki ya mbele iko mkono wa kulia, kama ilivyo desturi ya Japani. Aliyezoea kinyume chake amwambie fundi abadilishe waya kabla hajaingia barabara kubwa.

Kutoka dukani baiskeli ilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa mtaani kwetu, na sehemu hii ya gharama ndiyo ninayotaka msomaji aipange mapema. Matairi mawili ya milimita 28 yalikuwa shilingi 90,000, tyubu mbili 20,000, mnyororo 25,000, nyaya zote za breki na gia pamoja na mifuko yake, yaani mirija zinamopita, 20,000, raba za breki 12,000, na ufundi 30,000, ndani yake ikiwa kufungua beringi za magurudumu na za shingo, kuosha gololi na kuweka grisi mpya. Jumla yake ni 197,000. Kofia ngumu ilikuwa 45,000 na taa ya nyuma 15,000. Zilizobaki, shilingi 13,000, zilinunua viraka, vijiti vya kutolea tairi na kipande kidogo cha shaba nitakachokieleza hivi punde.

Fundi alifanya kazi safi, na nilijifunza mengi nikiwa nimekaa kwenye benchi lake. Nyaya za zamani zilipotoka kwenye mifuko yake zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa sehemu ambazo nje hazionekani. Hiyo ndiyo iliyofanya gia za dukani zisite kabla ya kuingia, na si ubovu wa gia zenyewe. Baada ya waya mpya na marekebisho ya skrubu mbili, mnyororo ulianza kupanda na kushuka kwa mguso mmoja wa kidole. Ninaamini baiskeli nyingi za mtumba zinazokataliwa kwa madai kwamba gia zimekufa zina tatizo hilohilo la waya wa elfu chache.

Kipande cha shaba kinahusu upepo. Tyubu za baiskeli hizi zina valvu nyembamba yenye kinati kidogo juu, ambacho hulegezwa kabla ya kujaza, na pampu za mafundi wengi wa barabarani zimetengenezwa kwa valvu nene ya bodaboda na magari. Kipande hicho hufungwa juu ya valvu nyembamba ili pampu ya kawaida iingie. Kina bei ndogo sana na ninakibeba wakati wote. Asiyekuwa nacho anaweza kukutana na fundi mwenye nia njema atakayependekeza kutoboa rimu kwa keekee ili tundu lipanuke na kupokea tyubu ya valvu nene. Kataeni kabisa. Rimu ya mbio ni nyembamba, kupanua tundu kunaidhoofisha, na ukirudi kwenye valvu nyembamba baadaye, shina lake litakuwa linacheza na kukatika.

Barabarani, baiskeli imenifurahisha kwa namna ambayo sikuitarajia kwa bei hii. Nina kilo 61, na matairi ninayajaza kiasi cha 60 mbele na 65 nyuma kwa kipimo cha PSI. Kwa kiwango hicho hupita juu ya lami iliyochakaa ya Sinza bila kunitetemesha mikono, na bado ni mepesi kwenye lami nzuri. Sehemu ninayoipenda ni kutoka Coco Beach, juu ya Daraja la Tanzanite, hadi Barabara ya Barack Obama. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2022 na lina urefu wa takriban kilomita moja, na alfajiri ya Jumamosi magari huwa machache. Wakati wa kusi, ukielekea mjini, upepo hukukabili tangu unapoanza kupanda daraja. Hapo ndipo usukani uliopinda unapoonyesha faida yake, kwani ukishika chini na kuinamisha kifua unaweza kushikilia mwendo ambao kwenye baiskeli ya kikapu ungeuacha. Gia ndogo ya mbele, yenye meno 34, sijaihitaji sana katikati ya jiji, lakini mwenye kuishi Kimara au anayependa kupanda kuelekea Pugu ataishukuru. Baiskeli za zamani zenye meno 42 mbele hupanda vilima hivyo kwa maumivu.

Kasoro zipo. Uma wa chuma ni mzito na unahitaji kufutwa kila baada ya mvua, maana chumvi ya pwani haichagui. Hakuna mahali pa kufungia karia wala vikinga matope, kwa hiyo wakati wa masika mtu hufika kazini na mstari wa tope mgongoni; mimi hubeba nguo za kubadilisha. Kiti kilichokuja nacho kilikuwa chembamba na kigumu, na nimekivumilia zaidi ya kukikubali. Gurudumu la nyuma linatoa mkwaruzo mdogo sana likizungushwa kwa mkono, hata baada ya grisi mpya, dalili kwamba njia ya gololi upande mmoja imeanza kulika. Fundi anasema litadumu kitambo likitunzwa, na ninamwamini, lakini ndicho kitu cha kwanza nitakachokiwekea akiba.

Kuhusu duka, nina neno moja la kulalamikia. Risiti niliyopewa mwanzoni ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, yenye maneno "baiskeli 1" na bei. Niliomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ambayo ni haki ya kila mnunuzi, na niliomba pia waniandikie namba ya fremu, iliyogongwa chini ya ekseli ya krengi. Ya kwanza niliipata baada ya kusubiri mwenye mashine. Ya pili muuzaji aliiandika mwenyewe nyuma ya risiti na kupiga muhuri, ingawa alishangaa kwa nini ninaitaka. Bila namba hiyo, baiskeli ikiibwa na kupatikana, huna cha kuonyesha polisi isipokuwa maelezo ya rangi. Duka linalouza vyombo vya laki nne lingepaswa kuiandika bila kuombwa.

Kwa anayetaka kwenda wiki hii: mara ya mwisho nilipopita nilikuta za mbio tano, tatu kati yake zikiwa kubwa, na moja ya chuma yenye namba ya 630 ubavuni. Iliyobaki ilikuwa ya saizi ya kati, gia nane, matairi yamepasuka ubavuni lakini rimu bado nene. Walianzia 450,000, na kwa hali ya matairi yale haipaswi kuzidi 360,000.